NDEGE MDOGO WA SAFARI NDEFU
Somo juu ya kolibri, chozi na mbayuwayu



Somo letu safari hii linahusu ndege. Msishangae. Katika mazungumzo yetu hapa mtaani kuna neno limekuwa la kila siku: “Sisi ni ndege wa kupita tu.” Baba anaambiwa apande mti uani, anajibu hivyo. Mama anaulizwa kwa nini mtoto hajaandikishwa shule, anajibu hivyo hivyo. Tumeona ni vema tuchunguze neno hilo. Je, ndege wa kupita anaishi kweli kama tunavyodhani? Akifika mahali pa kupumzika njiani, anafanya nini? Tukijua hayo, ndipo tutajua kama mfano huo unatufaa au unatudanganya.

Tutajifunza juu ya ndege watatu: kolibri, ambaye hayuko Afrika lakini jina lake liko midomoni mwetu, chozi, ambaye tunaishi naye hapa Musaga, na mbayuwayu, ambaye anatujia kila mwaka kutoka mbali.

1. JINA LA KOLIBRI LIMETUFIKIAJE?

Watoto wetu wanaosoma kwa Kifaransa wakimwona yule ndege mdogo anayeng’aa, mwenye mdomo mrefu uliopinda, ananyonya maua ya haibiskusi kando ya ua, wanasema, “Tazama kolibri!” Wamelipata jina hilo katika vitabu vya picha. Wakubwa nao wamelisikia katika semina, kwa njia ya hadithi ya msitu uliowaka moto: wanyama wakubwa walisimama wakitazama, na ndege mdogo akaenda mtoni na kurudi akibeba tone moja moja la maji. Mama Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 na kufariki mwaka 2011, aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na watu wengi wa Afrika ya Mashariki waliipokea kutoka kwake.

Lakini kolibri hakuzaliwa Kenya, wala Burundi, wala Kongo. Jamii yote ya kolibri, ambayo ina aina zaidi ya 300, inaishi katika bara la Amerika peke yake, kuanzia Alaska kaskazini mpaka ncha ya kusini ya Chile na Argentina. Huku kwetu hayuko hata mmoja.

Yule tunayemwona hapa ni chozi. Wanafanana kwa sababu wanafanya kazi moja, yaani kunyonya maji matamu ya maua, lakini si wa ukoo mmoja. Ni kama fundi seremala wa Uvira na fundi seremala wa Uchina: wanashika randa ya namna moja, lakini hawakuzaliwa na mama mmoja.

Tuwatofautishe hivi. Kwanza, kolibri ananyonya ua akiwa angani. Mabawa yake yanapiga kiasi cha mara 50 kwa sekunde moja, na anaweza kusimama hewani, hata kurudi kinyumenyume. Chozi anaweza kupapatika mbele ya ua kwa muda mfupi, lakini desturi yake ni kutua kwenye kijiti ndipo anyonye. Pili, kiota cha kolibri ni kama kikombe kidogo kilichowekwa juu ya tawi. Kiota cha chozi kinaning’inia kama mfuko, na mara nyingi kina kibaraza kidogo juu ya mlango. Ndege wote wawili hutumia utando wa buibui kufungia kiota. Tatu, na hili ndilo kubwa katika somo letu: chozi wetu wengi hawasafiri mbali. Wanahama kidogo, wanapanda na kushuka vilima wakifuata maua. Lakini kati ya kolibri wako wasafiri wa ajabu.

2. WABEBA MWANGA

Kati ya jamii ya kolibri liko kundi dogo ambalo wataalamu wanaliita Selasphorus. Jina hilo lilitolewa mwaka 1832, na limetoka katika lugha ya Kiyunani; maana yake ni “mbeba mwanga”. Wameitwa hivyo kwa sababu manyoya ya kooni mwa dume yakipigwa na jua yanawaka kama kaa la moto.

Katika kundi hili wako wale wanaoishi milimani huko Costa Rica na Panama, na hao hawaendi mbali. Lakini wako pia wale wanaozaa Marekani na Kanada, kisha wanakwenda kukaa Meksiko wakati wa baridi. Mmoja anaitwa kaliope. Ana uzito wa gramu 2 na nusu hivi, na ndiye ndege mdogo kuliko wote wa Marekani na Kanada. Mwingine ni kolibri mwenye mkia mpana, ambaye mabawa ya dume wake hulia kama filimbi anaporuka. Na yuko kolibri wa rangi ya kutu, ambaye tutamtazama zaidi.

Kolibri wa rangi ya kutu ana urefu wa sentimita 8 hivi, na uzito wa gramu 3 au 4. Chukua kijiko cha chai, jaza sukari: huo ndio uzito wake, pamoja na mifupa, moyo na manyoya. Lakini kati ya kolibri wote, huyu ndiye anayekwenda kuzaa kaskazini zaidi, mpaka kusini mwa Alaska. Kutoka huko mpaka Meksiko anapokaa wakati wa baridi ni safari ya kilomita 6,000 hivi. Ukigawa safari hiyo kwa urefu wa mwili wake, utaona kwamba ameruka mara zaidi ya milioni 70 ya urefu wake mwenyewe. Na mwaka unaofuata anarudi.

Hili si jambo la kukisia. Mwezi Januari 2010 wataalamu walimvalisha kolibri mmoja jike pete ndogo mguuni katika mji wa Tallahassee, Florida, kusini-mashariki mwa Marekani. Mwezi Juni mwaka huo huo ndege huyo alishikwa tena Alaska, na namba ya pete ikasomwa. Kati ya mahali hapo pawili ni zaidi ya kilomita 5,600, ukipima kwa mstari ulionyoka.

3. NJIA YA KWENDA NA NJIA YA KURUDI

Tukae kidogo juu ya njia yake, maana humo ndimo limo fundisho.

Kolibri wa rangi ya kutu hapiti njia moja kwenda na kurudi. Mwanzoni mwa mwaka anapanda kaskazini kwa kufuata pwani ya bahari ya Pasifiki: California, Oregon, Washington, mpaka Kanada na Alaska. Kwa nini pwani? Kwa sababu huko maua yanachanua mapema. Mwezi wa Julai madume wanaanza kurudi, na majike na vifaranga wanafuata baadaye. Lakini sasa wengi wao hawarudi kwa pwani. Wanapita milimani, kwa sababu wakati huo maua ya pwani yamekwisha, na maua ya milimani ndiyo yamefunguka baada ya theluji kuyeyuka.

Basi njia yake haikuchorwa na urefu wa barabara. Imechorwa na vituo. Ndege wa gramu 3 hawezi kubeba akiba ya kilomita 6,000. Anabeba akiba ya kufika kituo kinachofuata, basi. Akifika akute hakuna maua, kwa sababu ya ukame, au moto, au mahali pale pamegeuzwa kuwa kiwanja cha magari, safari yake imefika mwisho hata kama mabawa yake ni mazima.

Wataalamu wanatueleza kwamba hesabu ya kolibri hawa imepungua kwa nusu au zaidi katika miaka 50 hivi iliyopita. Sababu ni nyingi, na upungufu wa maeneo mazuri ya kuzaa, ya kukaa na ya kupumzika umo ndani yake. Hivyo wale wanaoishi kwenye kituo wameshika uhai wa msafiri mikononi, hata kama hawajui.

4. KOLIBRI AKIWA KITUONI

Sasa tuulize swali letu kuu. Ndege huyu wa kupita, akifika kituoni, anaishi vipi? Je, anakaa tu juu ya tawi akingoja siku ya kuondoka? Hapana. Tazameni mambo manne.

Jambo la kwanza: anajichagulia shamba. Katika milima ya Sierra Nevada, huko California, watafiti waliwachunguza kolibri wa rangi ya kutu wakiwa safarini kurudi kusini, na matokeo yalichapishwa mwaka 1983. Waliweka mizani ndogo mahali ndege wanapotua, wakawapima bila kuwashika. Waliona kwamba kila ndege anachagua sehemu yake yenye maua na kuwafukuza wengine, hata wale wakubwa kuliko yeye. Tena anapunguza au kuongeza ukubwa wa shamba lake mpaka apate kipimo kinachomnenepesha upesi. Anakaa pale siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili, na uzito wake unapanda kutoka gramu 3 hivi mpaka zaidi ya gramu 4. Ndipo anaondoka.

Afrika ya Mashariki pia ina ushuhuda wa namna hiyo. Watafiti Frank Gill na Larry Wolf waliwachunguza chozi wenye mabawa ya dhahabu katika Bonde la Ufa la Kenya, na mwaka 1975 waliandika kwamba chozi analinda shamba la maua pale tu ambapo faida ya chakula inapita gharama ya nguvu za kulinda. Maua yakiwa mengi kupita kiasi, au machache mno, haoni haja ya kupigana. Ndege mdogo, lakini hesabu anaijua.

Jambo la pili: anajifunza mahali pale. Katika milima ya Alberta, nchini Kanada, watafiti waliweka maua ya bandia yenye maji ya sukari. Mengine waliyajaza tena kila baada ya dakika 10, mengine kila baada ya dakika 20. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba kolibri walijua lipi la kurudia mapema na lipi la kungojea. Kichwa kidogo kama punje ya njugu, lakini kinakumbuka mahali na saa. Ndege hakusema, “Nitakuwa hapa siku chache tu, sina haja ya kujua.”

Jambo la tatu: anapumzika kweli. Moyo wa kolibri unapiga mara mamia kwa dakika, na akikosa chakula muda mrefu anakufa. Basi usiku wa baridi anaweza kuingia katika usingizi mzito sana: joto la mwili linashuka, moyo unapunguza mapigo, ukimwona utadhani amekufa. Asubuhi anajipasha moto na kuruka tena. Wapendwa, wako kati yetu wanaoona aibu kupumzika. Wanahangaika mchana, na usiku wanahesabu matatizo. Mwili una mipaka, na kuheshimu mipaka yake si uvivu.

Jambo la nne: hali maua peke yake. Wengi wanadhani kolibri anaishi kwa utamu tu. Anakula pia wadudu wadogo na buibui, kwa sababu sukari inatoa nguvu lakini haijengi mwili. Msafiri naye anahitaji vyote viwili: cha kumpitisha leo, na cha kumjenga kwa kesho.

5. MGENI WETU WA KILA MWAKA: INTAMBA

Kolibri yuko mbali. Lakini Mungu hakutuacha bila msafiri wa kututembelea hapa hapa. Kuanzia mwezi wa Septemba na Oktoba, tazameni juu ya mabati na juu ya nyaya za umeme. Mtaona ndege mwenye mgongo wa buluu nyeusi, uso na koo lenye wekundu, na mkia uliogawanyika kama mkasi. Huyo ni mbayuwayu wa Ulaya. Ana uzito wa gramu 20 hivi. Amezaliwa kwenye zizi au kibaraza cha mtu huko Ulaya au Asia, akavuka jangwa la Sahara ili afike huku. Mwezi wa Machi na Aprili anaanza kurudi.

Jirani zetu Warundi wanamwita mbayuwayu intamba, na wamempa heshima kubwa: timu ya taifa ya mpira inaitwa Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu walio vitani. Mwaka 2019 timu hiyo ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, kule Misri. Taifa zima limejiita kwa jina la ndege ambaye baadhi yake ni wageni wa msimu! Tena yeye si mgeni katika Maandiko. Nabii Yeremia, katika sura ya 8, anamtaja pamoja na ndege wengine wanaojua majira yao.

Lakini watu wa Ulaya walikaa karne nyingi bila kujua mbayuwayu wao wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wengine, hata wasomi, waliamini kwamba wanajificha chini ya maji katika matope ya maziwa. Jibu lilikuja polepole. Mwaka 1822, huko Ujerumani karibu na Klütz, korongo alipatikana akiwa na mkuki wa Afrika umemchoma shingoni. Alikuwa amesafiri nao mpaka kwao. Ndege huyo amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kisha mwezi Mei 1911, mtu mmoja nchini Uingereza alimvalisha mbayuwayu pete mguuni, na mwezi Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika ya Kusini. Ndipo mabishano yakapoteza nguvu.

Tazameni jambo hili: korongo alijulikana kwa jeraha, mbayuwayu kwa pete. Msafiri mmoja alipitia kwa watu waliomrushia mkuki, mwingine kwa watu waliomwandika namba na kumwacha aende. Wote wawili walitoa ushuhuda juu ya mahali walipopita. Kila mtaa unaandikwa juu ya wageni wake.

Mbayuwayu pia anategemea vituo. Mchana anawinda wadudu angani, na jioni hulala kwa makundi makubwa katika matete. Hapa kwetu matete hayo yako kwenye delta ya mto Rusizi, karibu na Gatumba, mahali ambapo mto unaingia Ziwa Tanganyika. Sehemu hiyo ni hifadhi ya taifa, na mwaka 2002 iliandikwa katika orodha ya kimataifa ya maeneo ya maji yanayopaswa kulindwa. Kutoka vilima vya Musaga tunaliona ziwa, na ng’ambo tunaona milima ya Kongo. Ndege anavuka Rusizi asubuhi na jioni bila kuulizwa karatasi.

6. MFANO UNA MIPAKA YAKE

Hapa ndipo inatupasa kusema kwa uwazi. Mkimbizi si ndege wa kupita. Mbayuwayu anaondoka kwa sababu majira yamefika. Mwili wake umemwambia, akala, akanenepa, akaondoka na wenzake. Sisi hatukuondoka kwa majira. Tulifukuzwa na bunduki, wengine bila viatu. Mwezi Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na kushuka bonde la Rusizi, maelfu ya watu walivuka mto huo, wengine kwa miguu majini, watoto mabegani. Hakuna aliyekuwa amejiandaa. Tena mbayuwayu anajua mwezi wa kurudi, sisi hatuujui. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia kwa wepesi kwamba kuhama ni jambo la kawaida kwa sababu hata ndege wanahama. Kuna kuhama na kuna kufukuzwa.

Hata hivyo, wale kati yetu wanaosema “sisi ni ndege wa kupita”, na kwa sababu hiyo hawapandi, hawajifunzi, hawaandikishi watoto, hao wamemsingizia ndege. Tumeona kwamba ndege wa kupita hafanyi hivyo. Akiwa kituoni siku 10 tu, anajifunza kila ua. Anakula kana kwamba ni kwao. Haondoki mpaka awe na nguvu, na nguvu hizo amezipata pale pale mahali pa kupita.

Tunafahamu uchungu ulio nyuma ya neno hilo. Tangu mwaka 2007, jamaa zetu waliookoka mauaji ya Gatumba ya tarehe 13 Agosti 2004 walianza kuhamishiwa Marekani, na jamaa nyingine zikafuata katika miaka iliyofuata. Wengi tuliobaki tukajifunza kuishi na masanduku yaliyofungwa. Kisha mwezi Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamemaliza mahojiano na vipimo vya daktari wakabaki na karatasi mkononi. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 tulipoanza kungoja sasa ana ndevu. Kama hakusoma kwa sababu “tunaondoka”, nani atamrudishia miaka hiyo? Akipata nafasi ya kwenda, ataondoka bila akiba. Asipopata, atabaki bila akiba. Kwa njia zote mbili amepoteza.

Kwa hiyo tunasema: kituo si mahali pa kupoteza muda. Kituo ndicho safari yenyewe. Kolibri hafiki Alaska kwa kuruka siku moja. Anafika kwa sababu kila kituo alikitumia vizuri.

7. TUFANYE NINI?

(a) Shule. Watoto wajifunze Kirundi na Kifaransa bila kuacha Kiswahili na lugha ya nyumbani. Lugha haichukui nafasi ndani ya sanduku, na hakuna anayeipima kilo kwenye uwanja wa ndege. Mzazi aliyeshindwa kumwandikisha mtoto kwa sababu ya daftari au sare azungumze na wazee wa kanisa mapema, asingoje muhula umekwisha.

(b) Kupanda. Hata kama nyumba ni ya kupanga, ndoo mbovu yenye udongo inatosha lengalenga au kitunguu. Penye uwanja, tupande pia maua na miti inayochanua. Mti wa umurinzi wenye maua mekundu, haibiskusi, na migomba yetu vinalisha chozi. Mti utakaouacha utamtumikia atakayefika baada yako, kama wewe ulivyokuta kivuli cha mti uliopandwa na mwingine.

(c) Manati. Tunawaomba wazazi wawaonye vijana wanaopiga chozi na mbayuwayu kwa manati. Chozi mmoja hatoshi hata kutia harufu katika mchuzi. Na mbayuwayu aliyevuka Sahara akaja kufia kwenye uwanja wetu kwa jiwe la mchezo, ni aibu kwetu, sisi ambao tunajua maana ya kupokelewa kwa mawe.

(d) Jamaa zetu walioko Amerika. Baadhi yenu mnaoishi miji kama Boise, Denver na Seattle mmetuandikia kwamba mmeona “chozi” dirishani. Huyo ni kolibri, na huenda ni wa lile kundi la wabeba mwanga. Ukitaka kumsaidia, chukua kipimo kimoja cha sukari nyeupe na vipimo vinne vya maji, koroga mpaka iyeyuke, weka katika chombo safi. Usitie rangi, usitie asali. Maji hayo yabadilishwe kila baada ya siku chache, na wakati wa joto upesi zaidi, maana yakichacha yanamdhuru. Ndipo wewe uliyepita katika vituo vingi utakuwa kituo kwa mwingine.

8. MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Taja tofauti tatu kati ya kolibri na chozi. Je, kufanya kazi moja kunatosha kuwafanya watu kuwa ndugu?

2. Kwa nini kolibri wa rangi ya kutu hupita pwani akienda kaskazini, na wengi hurudi kwa njia ya milimani? Linatufundisha nini juu ya kujua majira?

3. Tumesema kuna kuhama na kuna kufukuzwa. Kila mmoja aeleze kwa maneno yake tofauti iliyopo.

4. Nyumbani kwenu kuna jambo gani ambalo limeahirishwa kwa sababu “tutaondoka”? Mnaweza kulianza wiki hii kwa kiasi gani?

5. Sisi tuliopokelewa hapa Musaga, ni nani sasa anayetuhitaji tuwe kituo kwake? Fikirini hasa juu ya jamaa waliofika tangu mwaka 2025.

Viongozi wa vikundi wanaombwa kuandika majibu ya swali la nne na la tano na kuyaleta kwenye kikao cha wazee, ili tujue jamaa zipi zinahitaji msaada wa shule kabla muhula mpya haujaanza. Na watoto wa darasa la Jumapili wapewe kazi hii: kuanzia mwezi wa Septemba, waandike tarehe watakayomwona mbayuwayu wa kwanza juu ya mabati ya kanisa, na tutaitangaza katika karatasi hii.